Maswali ya Wasomaji: Mfalme Lear ndani ya fremu

SWALI: Mhariri, nimerithi picha ya zamani iliyotiwa fremu, inayoonyesha mfalme mzee akihangaika katika dhoruba usiku. Chini yake pana majina ya West na Sharp, na mwaka 1793. Je, ilichapwa kweli mwaka huo? Na je, naweza kuiosha ili kuondoa madoa ya kahawia?

JIBU: Ndugu msomaji, hilo ni onyesho la tamthilia ya Shakespeare, Mfalme Lear, tendo la tatu. Benjamin West alilichora kwa rangi za mafuta kwa ajili ya jumba la picha za Shakespeare ambalo mchapishaji John Boydell alilifungua katika mtaa wa Pall Mall, London, mwaka 1789, na William Sharp ndiye aliyelichonga kwenye bamba la shaba ili lichapwe. Kwa desturi, jina la mchoraji huwa kushoto na la mchongaji kulia.

Mwaka 1793, hata hivyo, ni mwaka wa kutolewa kwa bamba, wala si lazima uwe mwaka wa kuchapwa kwa karatasi yako. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1735 ilimtaka mwenye bamba aandike jina lake na tarehe, ndipo alindwe dhidi ya wanakilishaji. Boydell alifariki mwaka 1804, lakini mabamba yake yaliishi zaidi yake, na mwaka 1852 yalichapwa tena New York baada ya kukarabatiwa. Kwa hiyo usiyategemee maandishi, utazame wino. Shaba ni laini, na kila inapopita katika mtambo mistari yake hulika kidogo, hata weusi mzito wa anga na mavazi ukafifia na kuwa kijivu. Ukitumia kioo cha kukuzia, mistari ya mchongaji huonekana ikinenepa na kukonda kwa mkono wa mtu. Ukikuta vitone vilivyopangwa kwa usawa kama wavu, hiyo ni nakala ya kupigwa picha. Tafuta pia mbonyeo wa kingo za bamba kuzunguka picha, ingawa wengine waliukata walipotaka kuibana karatasi ndani ya fremu, jambo la kusikitisha sana.

Kuhusu kuosha, nakusihi usifanye. Madoa hayo mara nyingi hutokana na ukungu, au na asidi ya kadibodi na mbao zilizowekwa nyuma ya picha, na maji yasiyotumiwa na fundi aliyesomea uhifadhi wa karatasi huyatawanya madoa na kuulaza mbonyeo. Unachoweza kufanya bila hatari ni kumwomba mtengeneza fremu aondoe mbao hizo, aweke kadibodi isiyo na asidi nyuma, na nyingine mbele iliyokatwa dirisha la kuonyesha picha, ili karatasi isiguse kioo, kisha uitundike mbali na jua na ukuta wenye unyevu. Pambizo zote, hata zilizochakaa, zibaki zilivyo.