Visima visivyotiwa kitu: ushauri kwa anayeanza kufanya kazi na seli za THP-1

Wanafunzi wanaokuja kwenye maabara yetu hapa Moshi na andiko la utafiti wa kifua kikuu huniuliza watumie seli gani, nami huwataka kwanza waniambie wanatafuta jibu la swali lipi. Vimelea vya kifua kikuu huishi na kuzaliana ndani ya makrofaji, yaani zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviua. Makrofaji za mapafu ya mtu hai si rahisi kuzipata, na zile tunazokuza kutokana na monositi za damu, yaani seli changa za kinga zinazoweza kugeuka makrofaji, huchukua takriban siku 6 au 7 kukomaa, haziongezeki, na hutofautiana sana kati ya mchangiaji mmoja na mwingine. Ndiyo maana wengi wetu tunaanza na seli za saratani zinazoendelea kugawanyika bila kikomo, hasa THP-1, ambazo watafiti wa Japani walizieleza mwaka 1980 baada ya kuzipata katika damu ya mtoto wa kiume wa mwaka mmoja aliyekuwa na saratani ya damu. Huwa namkumbuka mtoto huyo kila ninapotoa kichupa kwenye tangi la naitrojeni, na naamini kumbukumbu hiyo ni sababu tosha ya kutozifanyia kazi seli zake kwa uzembe.

THP-1 si makrofaji mpaka uzigeuze. Huelea kwenye flaski kama monositi, na ukizitia kemikali iitwayo PMA huacha kugawanyika, hushika chini ya kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya maabara, na kutanuka. Hapa ndipo nilipokosea katika mwaka wangu wa kwanza. Nilitia nanogramu 100 za PMA kwa kila mililita kwa siku mbili, kisha siku hiyohiyo nikaongeza LPS, ile sumu ya ukuta wa bakteria, ili nipime TNF, protini ya kuashiria hatari inayotolewa na seli. Nilipomimina asidi ya kusimamisha ELISA, kipimo kinachoonyesha kiasi cha protini kwa rangi, visima ambavyo sikuvitia LPS vilibadilika kuwa vya njano karibu sawa na vile nilivyovitia. Nilidhani seramu ya kulishia seli imechafuka, nikaitupa, nikaagiza nyingine na kuisubiri kwa wiki kadhaa, lakini matokeo yakawa yaleyale. Kosa lilikuwa PMA yenyewe, kwa kuwa huamsha njia zilezile za ndani ya seli zinazowasha jeni za mwitikio wa kinga (inflamesheni), hivyo seli zangu zilikuwa zimeshachokozwa kabla sijaanza kuzichokoza. Tangu hapo hupima kwanza viwango kadhaa, kuanzia nanogramu 5, nachagua kile kidogo kabisa kinachozifanya zishike vizuri, kisha nazihamishia kwenye maji ya kuoteshea yasiyo na PMA na kuzipumzisha walau kwa siku nzima. Visima visivyotiwa kitu ndivyo ninavyovisoma kwanza.

Kabla ya hapo, zitunze vizuri. Idadi yake isizidi milioni 1 kwa mililita, na flaski isiachwe sikukuu nzima mpaka maji yakageuka njano na seli zikashikana mabonge. Andika juu ya flaski ni mara ya ngapi zinahamishwa, na zikifika mara 25 anza upya na kichupa cha akiba. Mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli za maabara, haionekani kwa hadubini ya kawaida wala haileti ukungu kwenye flaski, kwa hiyo ipime kila mwezi hata kama seli zinaonekana nzima. Umeme ukikatika, mlango wa inkubeta usifunguliwe mpaka urudi.

Kuhusu uwezo wake, niseme wazi kwamba THP-1 ni seli za mtu mmoja na haziwezi kukueleza kwa nini watu wawili wanaoishi nyumba moja hupatwa na kifua kikuu kwa namna tofauti. Zina CD14, protini ya juu ya seli inayosaidia kuitambua LPS, chache kuliko monositi za damu, hivyo huitikia LPS kwa unyonge zaidi, na jeni yake ya p53, inayosaidia kuamua seli iliyoharibika ife, imeharibika, jambo linalonifanya niwe mwangalifu sana na mtu anayezitumia kueleza jinsi seli zinavyokufa. Ni nzuri kwa kuchuja dawa nyingi, kuzima jeni moja moja na kujifunza mbinu kwa BCG, bakteria dhaifu wa chanjo ya kifua kikuu, kabla ya kuingia kwenye maabara ya usalama wa ngazi ya tatu penye vimelea vyenyewe.

Matokeo unayotaka kuyaandikia makala yahakikishe kwa makrofaji za damu ya wachangiaji kadhaa. Damu hiyo inahitaji kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako na cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa hiyo anza kuandika maombi wiki ileile unayoyeyusha kichupa cha kwanza, kwa sababu seli zitakuwa tayari muda mrefu kabla kibali hakijatoka.