Si kaftani peke yake
Umeuliza kama sanaa ya jadi ya Uturuki imeacha alama kwenye mitindo zaidi ya kaftani. Imeacha, tena kubwa. Tazama mavazi ya masultani yaliyohifadhiwa Topkapı, kasri lao la zamani mjini Istanbul: mahameli ya mji wa Bursa yenye maua ya tulipu makubwamakubwa, au nakshi ya çintamani, yaani viduara vitatu na mistari miwili ya mawimbi. Maua yamechorwa makubwa makusudi, yaonekane kwa mbali. Wabunifu wa leo bado wanayarudia.

Mimi lakini navutiwa zaidi na Ece na Ayşe Ege wa chapa ya mitindo Dice Kayek, dada wawili walioshinda Tuzo ya Jameel, ya sanaa na ubunifu unaotokana na jadi ya Kiislamu, mwaka 2013 kwa mkusanyo wao wa mavazi uitwao Istanbul Contrast. Hawakunakili ua, mikunjo ya kitambaa chao inafuata kuba za Istanbul.