Mutoto alitoka Kasapa kwa masharti na anarudilia lutuku: mufanye hivi

Kama mutoto wa kwenu alitoka Kasapa, gereza ya huku Lubumbashi, kwa masharti na sasa harufu ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, inarudi mu nyumba, musingojee jirani aende ku parke (ofisi ya mwendesha mashitaka) mbele yenu. Muende mwenyewe, naye.

Bantu bengi huku Lubumbashi banazani liberasyo kondisyonele, ni kusema kutoka kwa masharti, ni azabu imeisha. Hapana. Kode penali yetu inaruhusu mutu atoke akimaliza robo ya azabu, bora apite miezi 3 ndani, waziri wa haki njo anasaini, lakini mwenendo mubaya ao kuvunja masharti inatosha bamurudishe, na akirudi anamaliza yote ile ilibakia siku alitoka, kama ni miaka 2 ni miaka 2, hata kama alikaa nje mwaka muzima bila fujo. Tena macho iko juu yake mara mbili ya ile ilibakia, maana yake miaka 4. Siku ya kutoka hakuna mwenye anaelezea bazazi ile, kila mutu iko na soda mu mukono.

Na bangi na lutuku musiweke kapu moja. Bangi ni kosa yenyewe, inamufungulia dosye mupya. Lutuku inategemea sana bantu batasema nini: alilala njiani, alipiga bibi, alitukana shefu wa kartie.

Mudogo yangu tulimupeleka asubui mapema, hajagusa kitu, na karatasi ya infirmiye wa kartie, yaya yetu mukubwa akasema mbele ya ule mukubwa wa parke kama atamulaza kwake. Walimugombeza vibaya, akapewa kurudi kuripoti kila wiki, basi. (Avoka mumoja alitaka makuta mbele hata ya kusikiliza, tuache.)

Hata Marekani kwenye banapimaka mikojo iko vile. Kule Hawaii juji Steven Alm alianzisha programu inaitwa HOPE mu 2004, ya bantu korti inaacha nje kwa masharti: ukinaswa na dawa za kulevya unafungwa siku chache palepale, lakini mwenye anakuja na kukubali anapata kidogo kuliko ule anakimbia. Majimbo ingine ilijaribu, matokeo haikukuwa ya ajabu sana, lakini kwa ile ya kukimbia, hata huku kukosa kuripoti njo inachoma zaidi.

Kwa hiyo tarehe ya kuripoti ikifika na kijana amelewa, mutume mutu wa familia na karatasi, muombe muhuri na jina ya mwenye aliipokea, kopi ibakie ku nyumba.