Jibu: Simu moja ya kupinga muswada wa uhamiaji ina faida gani?
Ndugu, umeuliza kama simu yako ina uzito wowote katika Bunge la Marekani iwapo itapokelewa na msaidizi tu. Inao, kwa kuwa msaidizi huyo ndiye anayeandika misimamo ya wapiga kura wa mbunge wake, na ndiyo maana atakuuliza unaishi wapi kabla ya mengine. Taja namba ya muswada na useme mapema kwamba unaupinga, kwani maelezo marefu, hata yenye uchungu wa haki, hayaandikwi yote. Maseneta wako wawili nao wapigie: muswada wa H.R. 4437, uliotaka kuishi nchini bila kibali kuwe kosa kubwa la jinai, ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 2005, lakini Seneti, baraza la pili la Bunge hilo, haikuupitisha, hivyo haukuwa sheria.