Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujashika kitabu cha bima

Dada wa Columbus, huku Marekani, weka kalamu chini kwanza. Umesema hospitali ya Kikatoliki imekupa ofa, dola 3 zaidi kwa saa, ukauliza kama bima yao inalipia uzazi wa mpango, meno ya mtoto itakuwaje, na kama uhamie upande ule wa mji. Halafu mwishoni ukadondosha eti mama wa HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, "amenihakikishia kila kitu kimo". Hapo ndo chai imenipalia. Mimi niliambiwa hivohivo na yamenitoka dola 1,360.

Nilikuwa nalea wazee sehemu ya kawaida tu, bima yao ilikuwa inalipa kitanzi, kile kifaa cha uzazi wa mpango kinachowekwa ndani ya kizazi, bila mimi kutoa hata senti. Baada ya kujifungua wa pili dokta akaniuliza kabisa, nikuwekee leo? Nikajibu nitarudi nikitulia. Nitulie wapi, nina watoto wawili na shifti za usiku! Mara nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee ya kanisa, hela nzuri, nikaacha ile ya zamani nikicheka. Kadi ya bima ilipokuja nikaona nembo ni ya kampuni ileile kubwa niliyokuwa nayo, rangi ileile, nikajisemea basi ni kitu kimoja. Nikaenda klinik, dada wa mapokezi akaskani kadi, ikapita, nikawekewa kitanzi, hata dakika kumi haikufika. Wiki sita baadae bahasha. Nimeisoma nimesimama pale kwenye boksi la barua na viatu vya kazini: huduma hii haimo kwenye mpango wako.

Napiga simu bima, kijana ananiambia kwa upole kabisa, mama, sisi tunashughulikia makaratasi tu, hela ni ya mwajiri wako na mwajiri ndo kaitoa hiyo huduma kwa sababu za imani yake. Kumbe mwajiri mkubwa anaweza kulipia matibabu ya wafanyakazi mfukoni mwake na akakodi kampuni ya bima iendeshe tu, na mpango wa namna hiyo hata sheria ya jimbo inayolazimisha bima kulipia uzazi wa mpango haiugusi. Nembo kwenye kadi ni pambo!

Na msinijie na "sheria ya Obama inawabana wote", ile sheria ya afya inayotaka bima ilipie uzazi wa mpango. Kuna dada kwenye grupu letu la WhatsApp alinijibu hivo kwa kujiamini kama wakili, kumbe kakariri habari za 2012. Makanisa yenyewe yalisamehewa toka mwanzo. 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ikawapa ushindi Hobby Lobby, duka tu la vifaa vya ufundi na mapambo, wala sio kanisa, wenye mali walikataa kulipia njia nne za uzazi wa mpango na mbili kati ya hizo ni aina za kitanzi. Ulikuwepo utaratibu mwajiri akigoma bima inamlipia mfanyakazi pembeni, ila serikali ya Trump ikapanua msamaha ukawa hiari ya mwajiri, na 2020 mahakama hiyohiyo ikaupitisha 7 kwa 2. Agosti 2025 jaji wa Philadelphia akaufuta huo upanuzi, na serikali ikakata rufaa. Kwa hiyo mwajiri wako akisema imani yangu hairuhusu, usitegemee sheria ikuokoe haraka. Sigombani na imani ya mtu, mi mwenyewe kila Jumapili niko kanisani, ila si uniambie kabla sijapanda kile kitanda?

Yule mama wa HR nilimfata. Akanambia "nilidhani unaulizia bima kwa ujumla". Mama, nilikuuliza uzazi wa mpango, nikaonyesha na mkono tumboni!

Sasa fanya hivi, leo, kabla ya kusaini. Waandikie imeili, sio simu, uombe kitabu kizima cha mpango, wenyewe wanakiita Summary Plan Description, sio kile kikaratasi cha kurasa chache chenye picha za familia zinacheka. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya visivyolipiwa, tafuta neno kitanzi, vidonge, sindano, kufunga kizazi. Uliza pia kwa maandishi kama mwajiri analipia mwenyewe au amenunua bima kamili. Wakikuzungusha, hilo ni jibu tayari. Na kama bima ya kazi ya sasa inalipa, kaweke kitanzi wiki hii ukiwa bado uko huko, usifanye kama mimi wa nitarudi nikitulia, ukishawekewa hakuna HR wa kuja kukitoa.

Mimi bado nakatwa dola 85 kwa mwezi, imebaki miezi minne. Mume wangu hiki kitanzi amekipa jina, anakiita kitinda mimba. Wakikutumia hicho kitabu kibandike hapa, ficha jina lako, tukisome wote.