Hiyo lenzi ya 800mm f/11 usiilipie kabla hujasoma hapa

Weka simu chini, usitume hata senti. Umeuliza ununue kamera gani, Canon R7 au Sony A6700, ukauliza na stendi ya kamera, halafu chini kabisa ukatia kwamba kuna mtu anakuuzia lenzi ya Canon RF 800mm f/11 kwa bei poa, na unataka kwenda nayo msitu wa Jozani, Unguja, kupiga picha za kima punju, kisha Pemba kwa popo. Kufika hapo tumbo likanikata. Hiyo lenzi miye nishainunua, kwa kazi hiyo hiyo.

Aliyeniingiza mkenge ni muuzaji wa duka moja Dar. Kaniambia milimita, yaani nguvu ya kuvuta vya mbali, ndiyo kila kitu, mwanga kamera za siku hizi zinajitafutia. Mwenyewe msitu kauona kwenye kalenda.

Sasa sikiliza. Hiyo f/11 ni kipimo cha tundu la kuingizia mwanga, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo; haifunguki zaidi wala haifungi, ni hiyo hiyo asubuhi na jioni. Mbele ya lenzi ya f/5.6 inaingiza robo tu ya mwanga. Nungwi saa nne asubuhi hutojali, ngarawa itatoka mpaka viraka vya tanga unahesabu. Ingia chini ya mitondoo ya Jozani uone. Ukitaka kumsimamisha kima anayeruka, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inapaa mpaka yale manyoya mekundu ya mgongoni yanakuwa uji. Ukipunguza kasi ya shata, lile pazia la kamera, kima anatoka na mikia miwili. Na usidanganywe na kile kituliza mtikiso cha ndani ya lenzi: kinatuliza mkono wako, kima hakimtulizi.

Hayo madogo. Kubwa ni ambalo yule bwana hakulitaja na miye sikuuliza: lenzi hiyo haishiki fokasi chini ya mita 6. Sita! Kima wa Jozani wamezoea watu, walinzi ndio wanaotukumbusha tukae nao mbali. Lilishuka kundi zima kando ya njia, mama kampakata mtoto, na lenzi yangu inakwenda na kurudi, haishiki kitu. Nikarudi nyuma, nikagonga mti. Nikarudi upande wa pili, majani yakaingia katikati. Mtalii wa pembeni kapiga kwa simu, picha safi, na kanionyesha. Nikamwambia miye nasubiri ndege.

Hata ingeshika, kwenye R7, kwa kuwa sensa yake ni ndogo, hiyo 800 inaona kama 1280. Kima wa karibu ungempata sikio.

Popo ndio usiseme. Mchana pale Kidike, Pemba, wananing'inia, utapata chochote. Lakini umesema unawataka wakiruka, wakati wa magharibi. Kwa f/11? Utarudi na weusi juu ya weusi.

Kwa hiyo lenzi usiinunue mpaka umesimama nayo chini ya miti, pale pale utakapopigia, saa ile ile. Si dukani, si barazani kwa mtu na jua linawaka. Huyo anayekuuzia mwambie mfuatane Jozani, nauli yake lipa wewe. Akianza kutoa udhuru, ushajua.

Miye sasa napigia EF 100-400mm, toleo la pili la 2014, ya mtumba, kwa adapta juu ya R7. Ikivutwa mpaka mwisho ni f/5.6, na inashika fokasi hata chini ya mita moja. Ya Sony, 200-600mm, niliazimwa na rafiki yangu wa Wete. Nzuri kweli, lakini kilo 2 na kitu, bega likalalamika mpaka kesho yake, na inaanza kushika kwenye mita 2.4. Chagua lenzi, bodi, yaani kamera yenyewe, itakuja tu. Na hizi pia kazijaribu, usinunue kwa sababu miye nimesema, maana nami nilinunua kwa sababu mtu kasema.

Stendi uliuliza nini vile? Yoyote isiyoyumba.

800 yangu bado ipo, imefungiwa ndani ya boksi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu isiote ukungu. Anayepiga ngarawa mchana aje inboksi, bei tutaelewana. Wewe uliyeuliza sikuuzii.