Rejesta ipo zahanati, kwa nini mtuulize nyumbani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati. Watu wa utafiti hupita kaya kwa kaya wakiuliza nani kazaliwa, nani kafariki na marehemu aliumwa nini. Rejesta si ipo? Kwa nini wawasumbue wafiwa?
Msomaji, Pwani

JIBU: Rejesta humhesabu aliyefika zahanati. Aliyefia nyumbani hayumo, na vijijini hao ni wengi. Ukipanga bajeti kwa rejesta peke yake, fedha zinafuata foleni.

Mfano mzuri ni mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia miaka ya 1990. Takwimu za kaya kule Morogoro zilionyesha malaria inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, wakati bajeti ya afya ya 1996 iliitengea asilimia 5. Kifua kikuu, chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilipewa asilimia 22. Hapakuwa na wizi hapo. Waliopanga hawakuwa na hesabu ya vifo mbele yao.

Miaka hiyo huhesabiwa hivi: tukikadiria mtu ataishi miaka 65, mtoto anayefariki na miaka 2 amepoteza 63, mzee wa 60 amepoteza 5. Ndiyo maana ugonjwa unaoua watoto unapanda juu ya orodha.

Kuhusu wafiwa, mdodosaji anayejua kazi yake husubiri matanga yaanuliwe, kisha humtafuta aliyemuuguza marehemu, si msemaji wa ukoo. Haulizi jina la ugonjwa tu. Anauliza homa ilianza lini, ilidumu siku ngapi, mtoto alipata degedege, alipumua haraka, mbavu zilibonyea, alipelekwa wapi kwanza? Madaktari wawili husoma fomu kila mmoja peke yake. Wasipoafikiana, wa tatu huamua. Kosa la kawaida ni kumwuliza jirani, au kuchelewa mpaka siku za homa zimesahaulika. Malaria na nimonia kwa mtoto hufanana mno, kwa hiyo fomu mbovu humpotosha hata daktari hodari.

Kikao kijacho, mwombeni mganga mfawidhi idadi ya vifo vya mwaka kwa umri, mlinganishe na orodha ya mwenyekiti wa kitongoji. Majina yaliyo kwa mwenyekiti na hayamo zahanati ndiyo ya kujadili kabla ya kupitisha mpango.

SWALI: Je, vifo vilipungua kweli huko Rufiji na Morogoro?

JIBU: Vilipungua, ila sifa zote zisipewe bajeti. Wilaya hizo mbili pia zilifundisha wahudumu kumpima mtoto mgonjwa kwa magonjwa makuu ya utotoni kwa pamoja. Tathmini iliyochapishwa 2004 ilizilinganisha na Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo hayo hayakuwapo: katika miaka miwili, vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Kitakwimu, kwa njia mojawapo ya hesabu, tofauti hiyo bado ingeweza kuwa ya bahati. Vyandarua haviielezi, kwani vilitumika zaidi Kilombero na Ulanga. Kilichosimama imara zaidi ni ubora wa huduma: watoto walipimwa na kutibiwa vizuri zaidi, bila gharama kupanda.